Mukwe Aliyekatazwa na Mashini Yake

Mimi Louise, dactilo wa zamani, mupiga taipu wa ajensi moja ya meli pale Kalemie, nilikonda mwaka ule kwa sababu ya watu wawili wenye midomo mizima ambao hawakuweza kusemezana. Mumoja alikuwa Mama Agathe, mukubwa wa biro ya wafanyakazi. Wa pili alikuwa Déogratias, kijana aliyechunga ordinateri yetu, yaani kompyuta. Kati ya biro zao kulikuwa na ukuta mumoja tu, tena wa mbao. Mutu akipiga chafya huku, kule wanamwambia afya. Lakini maneno yao yote yalipitia kwangu. "Mama Louise, mwambie." "Mama Louise, muulize." Miguu yangu hii inayouma leo, mujue ilianzia pale.

Nataka kueleza habari za Deo kwa sababu watu wa Kalemie wanakumbuka mambo yake vibaya. Wengine wanasema aliloga mashini. Wengine wanasema mashini njo ilimuloga yeye. Upuuzi mutupu! Mimi nilikuwa pale, na nitasema jinsi ilivyokuwa.

Deo alizaliwa Nyunzu, kwenye nyumba za reli, baba yake akiwa fundi wa treni. Kwenye vitambulisho vya wakati ule wa Zaire alikuwa na jina lingine refu, la mababu, kama sheria ilivyotaka. Sisi tulimwita Deo. Alisoma mambo ya umeme Lubumbashi, halafu ajensi ikamutuma Ubelgiji kwa mafunzo. Alirudi na koti zito la baridi ambalo Kalemie hakuna siku ya kulivaa, pamoja na diskete zenye mufumo mudogo wa ordinateri uliokuja na maandishi yake yote, mustari kwa mustari, ili wanafunzi waweze kuufungua na kuutengeneza upya. Na majivuno, ee Mungu wangu! "Mama Louise," alikuwa akiniambia, "katika Zaire yote, watu wanaojua tumbo la mashini kama mimi wanaenea kwenye benchi moja, na nafasi inabaki." Katika kwaya ya parokia aliimba sauti ya chini, lakini alijiona yeye peke yake njo kwaya. Pamoja na hayo yote nilimupenda, kwa sababu alikuwa mutu wa kucheka, na mutu anayejisifu bila kumudharau mwenzake si mutu mubaya.

Ordinateri yenyewe ilikuwa sanduku moja kubwa lililokaa kwa Deo chini ya feni, na nyuzi zilizotoka pale kwenda kwenye vioo vya kusomea vya wenzetu: kimoja kwa Direkta wetu, Papa Valère, kimoja kwa Papa Adalbert wa magazini, ghala letu la mizigo, kimoja kwa Papa Isidore, muganga wa ajensi, na kimoja kwa Mama Agathe. Mimi niliachwa na mashini yangu ya kuandikia, na sikulia.

Kabla ya hapo, mambo ya wafanyakazi yote yalikaa kwenye kabati la chuma la Mama Agathe. Nani alizaliwa lini, nani ana wake wangapi, nani alikuwa mugonjwa, nani alikutwa amelala juu ya magunia ya ndakala, dagaa wetu. Ufunguo aliuvaa shingoni pamoja na rozari. Mama Agathe alitoka upande wa Fizi na mume wake aliyekuwa akivua na kufanya biashara ya ziwani. Mume akafa, naye akamulea binti yao Emilie kwa kazi ile ya kabati. Kabati lilikuwa heshima yake. Wakubwa wa bandari walimusalimu kwa mikono miwili kwa sababu alijua mengi na hakusema hata moja.

Basi, mashini ilipokuja, Direkta akaamuru kila kitu cha kabati kiingizwe ndani. Kila karatasi ikawa fishye, ndivyo walivyoita, na Mama Agathe akabaki na ufunguo wa kabati tupu.

Hapo njo tabu ilianza. Deo alinieleza, na mimi nitawaeleza kama nilivyoelewa. Katika mufumo ule, kila fishye ilikuwa na milango mitatu tu. Mulango wa kwanza ni wa mwenye fishye. Wa pili ni wa kundi lake. Wa tatu ni wa watu wote waliobaki duniani. Ukitaka Papa Isidore aone siku za ugonjwa za wafanyakazi, huwezi kumufungulia yeye peke yake. Lazima umutie kwenye kundi. Na akiisha kuingia kwenye kundi, anaona ya ugonjwa, ya ndoa, ya adhabu, yote. Tena anaweza kuandika na kufuta.

Papa Isidore, mutu wa sindano na vidonge, siku moja alibonya mahali pasipo pake, na watu wa magazini wote wakapotea. Wakapotea kabisa! Kwa mashini ile, magazini ilikuwa haina mutu hata mumoja, na Papa Adalbert mwenyewe amesimama mulangoni anapiga kelele kwamba yuko hai. Deo aliwarudisha kutoka kwenye diskete ya akiba. Lakini katika kuwatafuta, wenzetu walisoma wasiyotumwa kusoma, na kabla ya saa ya chakula bandari nzima ilijua kwamba Papa Adalbert ana nyumba ya pili Moba, na watoto mapacha. Muke wake wa Kalemie alikuja biro na muchi wa kutwangia sombe. Papa Adalbert alipitia dirishani, na mwili ule munene!

Tulicheka sana, sikatai. Mama Agathe hakucheka. Watu walianza kumutazama kama yeye njo aliyevujisha. Aliingia kwangu akafunga mulango, akasema, "Louise, miaka yote hii sijatoa neno la mutu. Leo ninaitwa kinywa wazi kwa ajili ya sanduku la yule mutoto." Machozi yalimulengalenga. Nilimushika mukono, nikaacha kucheka.

Sasa, wakati uleule, yule mutoto alikuwa anamupenda Emilie. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na Deo hata hakujaribu kuficha. Emilie alifundisha shule ya msingi. Musichana mucheshi, lakini akisimama kwenye neno lake, hata treni haimuondoi. Wajomba wa Deo wakaenda kupiga hodi kwa Mama Agathe, na kinywaji, na maneno mazuri. Na tangu siku hiyo wawili wale wakawa wakwe, na mukwe ana masharti yake. Hawatazamani usoni. Hawali mbele ya mwenzake. Hawakai kwenye benchi moja. Kijana hashiki vyombo vya mama mukwe, wala hakanyagi chumba chake. Na kama kuna neno, lipite kwa mutu wa tatu. Sitasema nani alichaguliwa.

Mama Agathe hakuwakatalia wale wajomba. Hakuwakubalia pia. Aliwaambia hivi, nami nilikuwepo: "Kijana wenu ana jina moja la siri katika mashini, jina la mukubwa wa mashini. Akiingia na jina hilo, hakuna mulango unaomuuliza kitu. Anaweza kufungua kabati langu wakati wowote. Mukwe haingii chumba cha mukwe wake. Huyu anaingia kila siku, tena na viatu! Afunge kwanza mulango huo. Afunge mpaka yeye mwenyewe ashindwe kuufungua. Hapo njo tutazungumza juu ya binti."

Wajomba waliobeba jibu hilo hawakuelewa hata robo yake. Deo alielewa. Siku ile hakujisifu hata mara moja.

Kwanza alijaribu njia ya mukato. "Mama Louise, mwambie ninaapa mbele ya Mungu, sitafungua." Nikaenda. Nikarudi na jibu: kiapo ni pazia, yeye ameomba mulango. Halafu Deo akaenda kwa Direkta kumuomba fishye za Mama Agathe zirudi kabatini. Papa Valère alikuwa mutu mufupi wa koti la abakosti lililopigwa pasi vizuri, aliyeipenda mashini ile kwa sababu direkta wa ajensi nyingine hakuwa nayo. Alikataa. Lakini aliona pia kwamba mambo ya Papa Adalbert yakirudiwa, biro itageuka uwanja wa mieleka. Akasema, "Deo, wewe si unajisifu unajua tumbo la mashini? Litengeneze."

Emilie naye alimuambia lake, alipomuletea ugali na samaki saa ya chakula. Nilisikia, hata ukuta wangu ni mbao. "Mimi nitaolewa hapahapa Kalemie," alisema, akicheka, "au na wewe, au na mutu asiye na ordinateri. Chagua wewe." Lakini alipotoka nilimuona amesimama nyuma ya biro, uso kwenye ukuta, hacheki tena. Alijua mama yake harudi nyuma.

Basi Deo akaingia tumboni. Ndani ya mashini kuna kiini, sehemu inayoamka kwanza na kulala mwisho. Hakuna fishye inayofunguliwa bila kiini kukubali. Deo alitaka kiini kiache milango mitatu. Alitaka kila fishye iwe na orodha yake, majina ya watu, na mbele ya kila jina, mutu huyu aweze nini na asiweze nini. Lakini hakujua aweke uwezo gani. Aliyejua nani afanye nini na karatasi za watu alikuwa Mama Agathe, aliyechunga kabati miaka yote. Na Mama Agathe alikuwa nyuma ya ukuta.

Sasa mnaelewa miguu yangu.

"Muulize, Papa Isidore aone nini?"

Nikaenda. "Aone siku za ugonjwa. Ya ndoa za watu haimuhusu."

Nikarudi. "Muulize, aandike?"

"Aongeze, asifute. Mutu aliyeugua leo, kesho asiambiwe alikuwa muzima."

Nilipompelekea Deo neno hilo, aliruka kutoka kitini. "Kuongeza bila kufuta! Mama Louise, hiyo kule Ubelgiji hawakunionyesha! Mufumo wangu unajua kuandika tu, na anayeandika anafuta. Nitapasua kuandika vipande viwili!" Akanikumbatia mimi, kwa kukosa wa kumukumbatia.

"Muulize juu ya Papa Adalbert."

"Aone ya watu wake. Yake mwenyewe asome, asiguse. Huyo tunamujua."

"Direkta?"

"Asome yote. Asiandike hata nukta. Akiwa na neno, aje aniambie, nitaandika mimi."

"Muulize, hiyo orodha yenyewe, ya nani aingie na nani asiingie, nani ataweza kuibadilisha?"

"Mimi."

"Na nani tena?"

"Louise, mwambie nimesema mimi."

Halafu Deo akasafisha koo. "Na juu yangu, muulize."

Nikaenda na hilo. Mama Agathe alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kikwembe, akaivaa tena. "Yeye hapana," alisema. "Hata kuchungulia."

Kazi ilichukua musimu muzima wa mvua. Deo aliandika, akafuta, akaandika. Kila akibadilisha neno kwenye kiini, mashini ilibidi ikijenge upya, asubuhi nzima inanguruma, na mara nyingi ikikaribia kumaliza umeme unakatika. Hapo Deo alitoka nje, akageuza uso upande wa Bendera, mbali kule kunakotoka umeme wetu, akayatukana maporomoko ya maji kwa Kiluba, Kiswahili na Kifaransa. Wapagazi wa bandari walikuwa wakija kusikiliza. Jambo gumu kuliko yote, alinieleza, lilikuwa mustari mumoja uliokuwa mwanzoni kabisa: kiini kinauliza, wewe ni mukubwa wa mashini? Kama ni ndiyo, pita. Hakiulizi lingine. Alitaka mustari huo ushuke chini, orodha iulizwe kwanza, hata mukubwa akute jina lake huko na kuzuiliwa. Aliushusha. Mashini ikakataa kuamka. Akaushusha kwa njia nyingine. Ikaamka, lakini ikamukataza kila mutu kila kitu, hata Direkta hakuweza kufungua barua yake mwenyewe. Alihangaika, akapungua, akaacha kwaya, na siku moja akapiga kelele mpaka nikadhani nyoka ameingia. Ilikuwa imekubali.

Ikapangwa siku ya kuonyesha. Direkta alikuja na abakosti mupya. Papa Isidore, Papa Adalbert na Emilie, wote walisimama nyuma ya Deo. Mama Agathe alisimama korido, amegeuka upande, kama desturi inavyotaka, lakini kioo kilikuwa kikubwa na mulango ulikuwa wazi. Deo akafanya hotuba. Lazima afanye hotuba, yule! Alieleza kwamba sasa ataingia na jina la mukubwa wa mashini, jina ambalo halijawahi kukataliwa tangu mashini zianze, na fishye ya wafanyakazi itamukataza. "Tazameni!" akasema, akapiga vibonyezo vya klavye.

Fishye ikafunguka.

Ikafunguka yote, maandishi yale ya kijani, majina kama tunavyoitana, kwa mupango wa alfabeti. Adalbert juu, na chini yake, Agathe. Mwaka aliozaliwa. Nilisoma kabla sijajizuia. Kumbe! Mwanamuke aliyeniambia miaka yote kwamba sisi ni rika moja, ningepaswa kumwita yaya, dada mukubwa! Papa Adalbert akatoa sauti, akafunga mudomo kwa mukono. Na mukwe ameketi pale, uso karibu na kioo, anatazama ndani ya chumba cha mama mukwe wake mbele ya watu.

Deo alijifunika macho kwa mikono miwili. Korido, nilisikia viatu vya Mama Agathe vinaondoka, taratibu, bila haraka. Emilie akamufuata. Hakumutazama Deo.

Nilimupata baadaye amekaa chini, karibu na sanduku lake. Hakuwa na majivuno hata ya kujaza kijiko. "Amekwisha kuniacha, Mama Louise," alisema. "Emilie amekwisha kuniacha, na ana haki." Akaanza kunieleza kwamba haikuwa kosa lake, kwamba jina lake amelitia pale, na neno la kukataza amelitia. Akaifungua ile orodha ya ruhusa, akanisomea kwa kidole. "Tazama. Wa kwanza, Papa Valère, kwa sababu ni mukubwa wetu. Wa pili, Mama Agathe. Halafu Papa Isidore, ana mvi. Halafu Papa Adalbert. Halafu wakuu wa servisi, wa kila idara, wote kwa jumla, wasome, kama Direkta alivyotaka. Na mimi, mutoto wa nyumba, mwisho kabisa: mukubwa wa mashini, akataz..."

Akasimama katikati ya neno.

"Deo?"

"Mashini inasoma kutoka juu," alisema polepole. "Inasimama kwenye mustari wa kwanza unaomufaa mutu. Na mimi ni mukuu wa servisi ya ordinateri." Akajipiga paji la uso. "Imenikuta pale kwenye wakuu, imenifungulia, haikufika chini. Niliwapanga kama tunavyogawa chakula, Mama Louise! Wazee kwanza, mutoto mwisho!"

Nilicheka mpaka nikashika meza. Samahani, lakini nilicheka. Ule mustari mugumu uliomutoa jasho musimu muzima ulikuwa sawa kabisa. Aliangushwa na adabu aliyofundishwa na mama yake mezani.

Wajomba walirudi kwa Mama Agathe na mbuzi wa kuosha jicho lililoona. Mama Agathe alipokea mbuzi. Akasema mbuzi anaosha jicho, hafungi mulango. Wamwambie kijana aendelee, atampa nafasi moja tena, kwa sababu Emilie hali chakula na nyumba imekosa raha. Hapo nilijua naye moyo wake uko matesoni.

Deo aligeuza kiini. Sasa makatazo yote yasomwe kwanza, hata yawe ya nani, ndipo ruhusa zifuate. Ikawa jina lake mwenyewe limekaa juu ya orodha. Direkta alipoliona, ndevu zilimusimama. "Jina lako juu ya langu? Katika ajensi yangu?"

"Papa Direkta, ni juu kwa kufukuzwa," Deo alisema. "Anayefukuzwa njo anatangulia. Ukitaka nikuweke hapo, nitakuweka."

Papa Valère alifikiri, akasema hapana, anakaa vizuri alipo.

Siku ya pili ya kuonyesha haikuwa na hotuba. Tulikuwa walewale, kila mutu mahali pake, na Mama Agathe korido amegeuka upande. Emilie alikuwa amekunja mikono. Deo aliingia na jina la mukubwa wa mashini, akaita fishye. Kioo kikakaa kitupu. Halafu yakatoka maneno: ruhusa hakuna. Akajaribu kuongeza. Ruhusa hakuna. Akajaribu kufuta. Ruhusa hakuna. Akajaribu kujitoa kwenye orodha kwa ujanja. Ruhusa hakuna! Kila mara alipokataliwa alipiga makofi, na sisi tukapiga naye, na Papa Adalbert alicheza hatua za rumba na tumbo lake lote. Sijawahi kuona mutu anafurahi hivyo kwa kufungiwa mulango. Emilie alikuwa anacheka na kuruka kama mutoto wa shule yake.

Ndipo sauti ikatoka korido. "Louise."

Papa Adalbert alibaki na muguu mumoja hewani.

"Muulize neno moja tu. Yeye aliyejenga mulango huu, hana mulango mwingine?"

Hakukuwa na haja ya kupeleka, wote tulisikia. Lakini desturi ni desturi. Nikamugeukia Deo, nikasema, "Anauliza, huna mulango mwingine?"

Angejibu hapana, nani angemubisha? Direkta? Mimi? Pale hakuna aliyejua kitu. Kazi ilikuwa imekwisha, harusi iko mezani, neno moja tu lilibaki, tena neno fupi. Nilimuona Emilie ameacha kucheka, anamutazama.

Deo akafungua mutoto wa meza, akatoa diskete moja. "Mwambie uko," alisema. "Hii ni kiini cha zamani. Nikiamusha mashini na hii, orodha zote haziulizwi. Ninaingia kama zamani."

"Mutu wa Mungu!" Direkta alipiga kelele. "Nani amekulazimisha kusema?"

"Ameniuliza, Papa." Akanigeukia. "Na mwambie, Mama Louise, hata nikimupa hii, maandishi ya kiini ninayajua. Ninaweza kutengeneza nyingine. Mashini inaweza kumuzuia mutu yeyote, lakini aliyeijenga haiwezi kumuzuia mpaka mwisho. Hapo ninabaki mimi. Sina mulango wa kuweka hapo. Mwambie nimetafuta, nimekosa."

Akaweka diskete kwenye kiganja changu. Nilitembea mpaka korido, na nawaambia, safari zote za mwaka ule hazikuwa ndefu kama ile. Mama Agathe aliipokea, akaigeuza huku na huku, kitu chepesi vile, cha plastiki. Akakaa nayo. Wenye kazi za bandari walikuwa wanapigiana kelele huko nje juu ya shehena ya chumvi. Mimi nilikuwa naomba Bikira Maria.

Direkta hakuweza kuvumilia. "Na mashini ikifa, Mama Agathe? Hiyo diskete tutaihitaji!"

"Mutanikuta nyumbani," alisema, akaitia ndani ya sakoshi yake. Halafu akanigeukia. Macho yalikuwa mekundu, na sauti yake ilikuwa ndogo sana, lakini ukuta wetu ni wa mbao.

"Louise, mwambie aje na wazee wake Jumapili, tuzungumze juu ya binti."

Nikageuka nimwambie. Deo alikuwa amekwisha kuegemeza kichwa kwenye sanduku la mashini, analia kwa sauti, na Emilie amemushika bega.